Nilituma, si natuma: Kingereza cha mambo yaliyopita

Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa wanachama, hapa kwetu komini Kenya, Lubumbashi. Wengi waliomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema.

Kwa wafadhili wapya niseme mara moja: Kenya yetu ni komini ya hapa Lubumbashi, si nchi ile ya Nairobi. Kuna barua zilizozunguka sana kwa sababu ya jina hilo.

Niliombwa kusema juu ya darasa letu la Kingereza la jioni, na zaidi juu ya vile vitenzi vinavyotusumbua, maverbe yasiyofuata kanuni tunapotaka kusema mambo yaliyopita. Kabla sijasimama mama mmoja alininong'oneza: "Mwalimu, kuko mambo ya bunga, kuko mambo ya likelemba, na weye unakuya kutuimbisha maverbe?" Mama, nitaanza na bunga.

Wengi hapa wanajua sehemu ya habari hii. Bamama saba wa chama chetu wananunua bunga ya Zambia pamoja. Kila mmoja anatoa sehemu yake, wanaunganisha, wanatuma kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo ya Kasumbalesa, kisha mifuko inapanda gari hadi soko la Kenya. Kutoka hapa hadi mpaka ni karibu kilomita 90, kwa hiyo hakuna anayeenda kila mara kusimama mbele ya muuzaji. Kazi yote inapita kwenye telefone. Muuzaji hajui Kifaransa. Kibemba anakijua, lakini mesaji anataka zifike kwa Kingereza ili karani wake azisome na kuziweka.

Siku ile walituma pesa asubuhi kwa mkono wa wakala. Halafu mmoja wao, aliyesoma miaka mitano katika kambi ya Kala, akaandika: "Good morning. We send the money. Please keep 40 bags." Akanionyesha. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Nikasoma, nikasema, "Iko muzuri, tuma."

Ng'ambo, karani alisoma kitu kingine. "We send" kwake haikuwa pesa iliyokwisha kuondoka. Ilikuwa ahadi: tunatuma, tutatuma, sisi ni watu wa kutuma. Na pesa yenyewe ilikuwa imeingia kwa jina la wakala, jina ambalo yeye hakulijua. Akangoja. Siku ya pili akauliza kama kuna kitu. Wakajibu, "Yes, we send." Siku ya tatu wakaandika kwa herufi kubwa, WE SEND THE MONEY, na yeye akaona hawa ni watu wa kelele wasio na pesa. Mifuko akamuuzia mwingine. Siku ya nne ilipogunduliwa kwamba pesa iko pale tangu mwanzo, bei ilikuwa imepanda, na pesa ya mifuko 40 ikanunua 34. Mfuko ni kilo 25. Kilo 150 za bunga zilipotea kati ya herufi d na herufi t: "send", natuma, "sent", nilituma.

Nimesema mbele ya wote na ninaandika tena: kosa la kwanza ni langu. Mama aliandika alichokijua. Mimi nilisoma chuo kikuu, nalipwa mshahara kwa kusoma na kuandika, na bado sikuliona kosa. Sikuliona kwa sababu kichwani mwangu nilijua kwamba pesa imeondoka. Anayejua habari hasikii kama neno la wakati limekosekana. Asiyejua ndiye anayelihitaji, na mesaji inaandikwa kwa ajili ya asiyejua.

Sasa tuangalie tatizo lenyewe. Katika Kiswahili, wakati uliopita tunauweka mbele, ndani ya kitenzi, na ni ule ule kwa vitenzi vyote. Nilituma, nilinunua, nililala, nilikimbia. Ukijua -li- umevuka. Hapa kwetu tunaongeza na -ka mwishoni tunapoeleza ya siku nyingi: "tulikuwaka Kala", "balitufundishaka Kingereza". Wazee wetu wanaosema Kibemba wana zaidi ya hapo, maana lugha ile inatenganisha kilichotokea leo, cha jana, na cha zamani. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba sisi hatujui kuhesabu wakati. Tunajua sana. Ni nguo ya Kingereza njo inatushinda.

Na Kingereza kina kanuni nyepesi: unaongeza -ed kwenye mkia. "Work", "worked". "Cook", "cooked". "Wait", "waited". Mwanafunzi anaipata siku ya kwanza na anafurahi. Siku ya pili anakutana na "go", anaandika "goed", na anaambiwa hapana, ni "went". Hapo anauliza, na ana haki ya kuuliza: nani aliharibu?

Kwanza nimwambie kwamba "goed" si ujinga. Mtoto mdogo wa Kingereza, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, naye anasema "goed" na "comed" kwa muda, mpaka atakapozoea. Kosa lile linaonyesha kwamba kanuni imeingia kichwani.

Pili, hakuna aliyeharibu. Vitenzi hivi ni vizee. Zamani Kingereza kilikuwa na vitenzi vingi vilivyobadilisha sauti ya katikati badala ya kuongeza mkia, kama "sing" na "sang", "drink" na "drank". Mwaka 2007, mwaka ule ule ambao misafara ya kwanza ilianza kuwarudisha wengi wenu kutoka Zambia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa hesabu katika jarida la sayansi la Nature. Walichukua vitenzi 177 vya Kingereza cha kale visivyofuata kanuni, wakavifuata hadi leo. Vilivyobaki na ukaidi wao ni 98. Vingine vilichoka vikaingia kwenye -ed. "Help" ilikuwa na "holp", leo ni "helped". Walionyesha pia kwamba kitenzi kinachosemwa mara chache ndicho kinachobadilika upesi. Kile kinachosemwa kila siku kinabaki na umbo lake la zamani, kwa sababu kila mtoto analisikia mara elfu kabla hajajua kwamba kuna kanuni.

Ile "went" ina habari yake. Mwanzoni haikuwa ya "go" hata kidogo. Ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", maana yake kushika njia, kwenda zako. "Go" iliazima wakati uliopita wa jirani na haikuurudisha mpaka leo. Bamama wa likelemba, watu wa namna hiyo mnawajua.

Nasi tunavyo vichwa vigumu vyetu. Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba kuamrisha ni kuondoa ku- tu: kupika, pika, kusoma, soma. Atamwita mtoto "ja!" na mtoto atamwangalia tu. Ni "njoo". Kuleta ni "lete", kwenda ni "nenda". Hatujawahi kuona kama ni shida, juu tulinyonya nayo.

Jambo linalotugusa hapa ni hili. Ukihesabu vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kingereza, yaani "be, have, do, say, get, make, go, know, take, see", vyote kumi havifuati kanuni. Hakuna hata kimoja chenye mkia wa -ed. Kwa hiyo huwezi kusema nitaanza na vile rahisi, vigumu nitaviona mwaka kesho. Kesho asubuhi sokoni utahitaji "said", utahitaji "took", utahitaji "saw". Vile rahisi ndivyo vinavyoweza kungoja.

Mimi nilifundishwa kinyume. Tulipewa karatasi yenye safu tatu, kwa mpangilio wa alfabeti, tukaikariri kwa kuimba: "arise, arose, arisen, awake, awoke, awoken". Niliimba vizuri na nilipata pointi nzuri. Lakini katika maisha yangu yote sijamwambia mtu yeyote "I arose". Siku niliyofika Ndola kwa kazi, bwana mmoja akaniuliza nilifika lini, nikajibu, "I arrive yesterday." Na "arrive" haina ukaidi wowote, inataka mkia tu! Wimbo ulikuwa kichwani, lakini mdomo haukuwa na njia ya kuuchukua mstari kutoka katikati ya wimbo. Ukiniuliza wakati uliopita wa "take" ilibidi nianze kuimba tangu "swim".

Hapa darasani tuliacha alfabeti. Tulianza na daftari la biashara. Chukua kitabu cha mapato na matumizi cha mama yeyote na utaona kwamba ni vitenzi vikaidi tupu: nilinunua "bought", niliuza "sold", nilileta "brought", nililipa "paid", nilikopesha "lent", nilitumia pesa "spent", nilimpa "gave", nilitunza "kept". Vinaanza kujipanga vyenyewe kwa ukoo. "Send, lend, spend" ni ndugu: d inakufa, t inazaliwa. "Sell" na "tell" wanavaa nguo moja, "sold, told". "Buy" na "bring" wanaachana njiani halafu wanakutana tena, "bought, brought", na wengi wanawachanganya. Mama mmoja aliandika kwamba alimnunua mtoto wake kutoka Kipushi, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akalia kwa kicheko. Sasa hakuna anayekosea maneno hayo mawili. Kicheko kile kilifundisha kuliko ubao.

Kuna vingine ambavyo havibadiliki hata kidogo, "put, cut, cost, let", na hivi wanafunzi wanavipenda, lakini mimi navihofia. Ukisema "I put the money in the box", jana ama kila siku? Haijulikani. Kwa hivi lazima uweke siku: "yesterday", "on Monday". Na "read" ni mjanja zaidi, maana inaandikwa vile vile lakini ukisoma ya jana unatamka "red", kama rangi nyekundu. Kwenye mesaji hakuna sauti, kwa hiyo weka siku.

Kosa ninalolisikia kila jioni bila kukosa ni "Did you went?" na "I didn't saw him." Nimejaribu kulieleza kwa maneno ya wanasarufi, wakaniangalia kwa heshima na hawakuelewa. Nikalieleza kwa mfuko. Watu wawili wanatoka sokoni na mfuko mmoja wa bunga. Mmoja akiubeba, mwingine anatembea mikono mitupu. Wakati uliopita ni ule mfuko. "Did" akiingia katika sentensi, yeye njo anabeba, na "go" anatembea mtupu: "Did you go?" "Did" asipokuwepo, "go" anabeba mwenyewe, anakuwa "went". Wote wawili hawabebi mfuko mmoja. Tangu siku ile mtu akisema "did you went", darasa zima linapiga kelele: "Mifuko mbili!"

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa tayari.

Baada ya biashara nilifikiri: hawa watu wana habari kubwa kuliko bunga. Wengi walivuka mpaka kati ya mwaka 1999 na ule mwezi wa kumi na mbili wa 2000, Pweto ilipoanguka. Waliishi Mwange, waliishi Kala, wengine Meheba. Walianza kurudi mwaka 2007, wengine kwa barabara hadi Pweto, wengine kwa mashua juu ya ziwa Tanganyika hadi Moba, na kazi hiyo iliendelea hadi 2010. Kisha kizazi kingine kilikimbia vita vya 2017, kikapelekwa Mantapala, na kutoka kule wengine walianza kurudi mwishoni mwa 2021. Nikawaambia: semeni njia yenu kwa Kingereza. Kama mwalimu nilifurahi sana, kwa sababu njia ile imejaa vitenzi tunavyovitafuta. Tulikimbia, "ran". Tulijificha, "hid". Tulilala porini, "slept". Tulikula mihogo mibichi, "ate". Tulikunywa, "drank". Tulipoteza, "lost". Tuliacha, "left". Tulikuta, "found". Niliandika ubaoni haraka haraka, na tukaona pamoja jambo ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu chochote: maneno mazito kuliko yote ndiyo yanayofuata kanuni. Alikufa, "died". Waliua, "killed". Walichoma, "burned". Tulizika, "buried". Mkia tu, kama kupika na kufagia.

Tata mmoja aliweka kalamu chini. Akasema taratibu, "Mwalimu, mara ya kwanza tulikimbiaka na miguu. Sasa unatukimbizisha tena na Kingereza?" Akachukua kofia yake, akatoka.

Mimi nilikulia Katuba. Sikulala kambini hata usiku mmoja. Nilikuwa nimesimama pale na chaki mkononi, nimefurahia orodha.

Jumapili nilikwenda kwenye lupango lwake. Hakuwa na hasira. Alinipa kiti, tukazungumza juu ya mambo mengine muda mrefu, halafu akasema kwamba hakatai kujifunza, anakataa kuchaguliwa habari. Akanionyesha nyumba anayoijenga nyuma ya ile anayopanga. Jioni iliyofuata alirudi na sentensi kumi na mbili juu ya nyumba ile. "I dug." "I bought cement." "My son brought sand." "The wall fell. I began again. We built." Vitenzi vikaidi vyote vimevaa sawasawa. Tangu hapo kanuni ya darasa ni kwamba kila mtu anachagua mambo yake yaliyopita, na mwalimu haulizi kwa nini hakuchagua mengine. Ninaomba na wafadhili wanaotutembelea waifuate kanuni hiyo. Si kila mgeni mwenye nia njema anastahili kusikia habari ya porini.

Lakini kuko na anayetaka kusema, na amengoja miaka. Kwa ruhusa yake ninaeleza bila jina.

Mama huyu ni wa upande wa Moba. Alihojiwa kwa Kingereza mwanzoni kabisa alipofika Zambia, na ofisi moja. Mkalimani hakuwepo siku ile, na yeye alikuwa amejifunza maneno machache akayaona yanatosha. Aliulizwa bwana yake yuko wapi. Akajibu, "My husband, I leave him in Moba." Alitaka kusema: nilimuacha Moba. Alikuwa amemuacha ndani ya kaburi, kando ya njia. Midomo yetu inatamka "leave", kuacha, na "live", kuishi, kwa sauti moja. I yetu ni moja tu, ndefu na fupi hatuzitengi. Aliyeandika akasikia kwamba bwana anaishi Moba, akaandika hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika kile sikio lake lilichompa.

Maneno mawili hayo yanafanana tu kwa wakati wa leo. Yakipita, yanaachana kabisa: "lived" huku, "left" kule. Hakuna sikio linaloweza kuyachanganya. Lakini wakati uliopita njo ulikosekana.

Miaka yote ya kambi karatasi ilisema ana bwana mzima. Aliporudi, palipotengwa msaada wa kujenga kwa wajane, jina lake halikuwemo, juu ya bwana yake "anayeishi Moba" ndiye angemjengea. Aliposema amekufa, aliulizwa: amekufa lini, mbona mwanzo ulisema yuko hai? Akaonekana kama mtu anayebadilisha habari ili apate kitu. Alijenga mwenyewe kwa kuuza makala, baadaye akauza na nyumba, akaja Lubumbashi kwa dada yake. Nilipoona nakala ya karatasi ile kwa mara ya kwanza, ilikuwa imekunjwa mara nane ndani ya kitambaa.

Nilimwambia kwamba naweza kuandika barua ya kusahihisha, kazi ya nusu saa. Akakataa. Akasema, "Mdomo yangu njo ilikosa. Mukono yangu njo itarekebisha." Alikuja darasani miezi saba. Sentensi alizoziandika ni chache, nami sikugusa hata herufi: "My husband did not live in Moba. He died in Moba. I left him there. We buried him near the road." Angalieni ile "did not live": mfuko umebebwa na "did", na "live" imebaki mtupu kama inavyotakiwa. Aliipiga mstari chini, alikuwa anajivunia.

Barua iliondoka. Jibu halijafika. Mama anauliza kila wiki, na mimi ninaendelea kufuatilia. Nyumba haitarudi, hilo anajua. Anataka karatasi iseme ukweli kabla hajawaachia watoto.

Watoto nao wana lao, nitalisema kwa ufupi. Waliozaliwa au kusomea Zambia walirudi na Kingereza, wakaingizwa masomo ya Kifaransa, na wengi walirudishwa madarasa ya chini wakaonekana wajinga. Wakakificha Kingereza kama kitu cha aibu. Sasa ni vijana, wanatafuta kazi kwenye makampuni ya migodi na ofisi za usafirishaji za mpakani, na wanaambiwa Kingereza kinahitajika. Kiko ndani yao, kimekatika katikati. "Went" wanayo, waliipata utotoni kwa njia ya kweli, kwa masikio. Kinachowakosa ni kuandika. Kwa hiyo tumewaweka pamoja na bamama: kijana anatamka, mama anaandika, wanasahihishana. Kuna kelele nyingi. Mimi naipenda kelele hiyo kuliko ule wimbo wangu wa safu tatu.

Wafadhili wameuliza tunapima namna gani, tunatoa vyeti vingapi. Hatutoi cheti. Tuna daftari moja gumu, linalonunuliwa na chama chenyewe, ambamo kila mesaji ya biashara inanakiliwa kabla ya kutumwa. Watu wawili wanaisoma, na mmoja wao lazima awe mtu asiyejua chochote juu ya ile biashara. Anaulizwa swali moja: pesa imeondoka, ama bado? Akijibu "bado" wakati imeondoka, mesaji inaandikwa upya. Mimi pia ninapitishwa hapo. Tunachohitaji ni taa, kwa sababu umeme unakatika saa ile ile ya darasa, na nakala chache za kamusi. Mwenye uwezo amuone mhasibu wa chama.

Nimalizie na bamama saba. Wameniruhusu kusoma ukurasa wa mwisho wa daftari. Mesaji yao inasema: "Good morning. We sent the money today at 8. It came with the name of our agent. Did you see it?" Saa tano karani alijibu: "I saw it. I kept 40 bags. The truck left." Jioni gari lilifika soko la Kenya. Mifuko ilikuwa 40, mmoja umepasuka kidogo pembeni, na mama yule aliyeandika "we send" alikuwa tayari ametoa telefone yake, anauliza darasa zima "tear" inakuwa nini ikishapita.